Kengele Yangu Ilivyomchoma Jirani

Wadau, leo sina vichekesho. Leo nina kesi, na mshtakiwa ni mimi.

Mwaka jana mwezi wa nne, meko yangu iliibwa. Nilikuwa nimeiweka nje ya mlango nikimngoja jamaa wa gesi, nikashuka dukani kununua mayai mawili, kurudi naona ile duara tu kwa sakafu mahali ilikuwa imekaa. Wiki mbili baadaye, viatu. Ploti yetu ni ya orofa tano, korido nyembamba, milango inaangaliana. Ukifungua wako na wa jirani uko wazi, unaona mpaka sufuria iliyo juu ya moto. Nikasema zii, siwezi kuibiwa mara ya tatu. Nikaenda mjini, nikanunua kengele yenye kamera, ile ya betri inaunganishwa na waifai. Shilingi 3,500. Nikaibandika mlangoni siku hiyo hiyo.

Kazi yake ni rahisi. Mtu akipita mbele yake, inaamka, inarekodi sekunde kadhaa, inatuma kwa simu. Nilijiona kama nimenunua askari.

Mwizi hakuonekana tena. Mwenye nilikuwa naona kila siku ni Mama Shantel, jirani wa mlango unaotazamana na wangu. Sikuwa namtafuta, manze. Ni vile kamera iliangalia mlango wake moja kwa moja. Ndani ya miezi mitatu nilikuwa najua anatoka saa kumi na moja asubuhi na anarudi saa nne usiku. Nilijua siku gani amerudi na unga na siku gani amerudi mikono mitupu. Nilijua kila Jumamosi saa tatu asubuhi watoto wake wawili wanatoka kwenda mazoezi ya kwaya. Nilijua vitu ambavyo hata dada yake pengine hajui, na hajawahi kuniambia hata kimoja.

Siku moja msimamizi wa ploti akanigongea. Alikuja na upole. "Boss, si uko na kamera hapa? Hii nyumba ya hapo huwa haina mtu saa ngapi?" Mimi nikafungua simu, nikamwonyesha. Jumamosi, saa tatu. Hata sikufikiria. Nilijiona mtu wa maana, mtu wa teknolojia.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na kufuli mpya kwa mlango wa Mama Shantel. Alikuwa na deni la kodi ya miezi miwili, na msimamizi alikuwa ameshindwa kufunga nyumba kwa sababu watoto walikuwa wanakaa ndani na wanajifungia. Alihitaji ile saa moja nyumba iko tupu. Mimi ndio nilimpa. Watoto walilala siku tatu kwa rafiki ya mama yao orofa ya kwanza, na sare za shule zilikuwa zimefungiwa ndani.

Jumapili jioni alinigongea. Hakupiga kelele. Aliangalia kengele, akaniangalia mimi, akasema, "Kijana yangu, kwani hii kitu iliwekwa ya wezi ama yangu?"

Sikuwa na jibu. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina cheti cha kuwafundisha historia, lakini kusoma siku hizi hakuhitaji kitambulisho cha chuo. Nilikaa wiki nzima nikisoma hii kitu ya mlango na macho imetoka wapi. Hii ndio niliyopata.

Tuanze nyumbani. Kabla ya kengele yoyote tulikuwa na hodi. Fikiria hodi inavyofanya kazi. Anayekuja ndiye anajitangaza. Anasimama mbali kidogo, anaita, anangoja. Wa ndani anauliza "Nani?", wa nje anajibu "Ni mimi" (jibu ambalo halijawahi kumsaidia mtu yeyote), na mwenye nyumba anaamua kusema karibu ama kunyamaza. Ukinyamaza, mgeni anaelewa na anaenda. Hakuna anayebaki na kumbukumbu kwamba jirani alikuja saa mbili na dakika kumi na sita.

Pwani walienda mbali zaidi, waliijenga hiyo adabu kwa mawe. Nyumba za kale za Lamu zina daka, kile kibaraza cha mlangoni chenye mabenchi ya mawe, mahali mgeni anakaa bila kuingia ndani. Ukipita hapo unaingia tekani, ukumbi mdogo, ndipo ufike uani. Na njia ya kuingia imepindishwa, mlango ukiwa wazi mpita njia asione moja kwa moja mpaka ndani. Mafundi waliojenga hizo nyumba mamia ya miaka iliyopita walijua shida yangu. Vichochoro ni vyembamba, milango iko karibu, watu ni wengi, na bado kila mtu anahitaji kuwa na ndani yake. Walipinda ukuta. Sisi kwa ploti zetu tumejengewa korido iliyonyooka kama rula, halafu mimi nikaweka jicho mwisho wake.

Sasa twende Marekani, 1888. George Eastman anaanza kuuza kamera ya Kodak, ndogo, ya kushika mkononi, unabonyeza tu. Kabla ya hapo kupigwa picha ilikuwa shughuli, unakaa kitako, unatulia. Ghafla mtu yeyote anaweza kukupiga picha barabarani bila wewe kujua. Miaka miwili baadaye, Desemba 1890, mawakili wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, wakachapisha makala kwenye jarida la sheria la Harvard wakisema sheria lazima imlinde mtu dhidi ya picha za ghafla na magazeti ya umbea. Hoja yao kwa ufupi ni kwamba binadamu ana haki ya kuachwa kwa amani. Haki ya faragha tunayoimba leo ilipata nguvu kwa sababu ya kamera ndogo ya kushika mkononi. Yaani kama yangu ya 3,500.

Wakati huo huku kwetu hatukuwa tunaogopa kamera. Tuliletewa kitu kibaya zaidi, nayo ni kipande. Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuandikisha wenyeji mwaka 1915, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ikaanza kutekelezwa. Kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 alibeba karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya kazi, ameandikwa nani na ameachishwa lini, ndani ya kikopo cha chuma ambacho wengi walikivaa shingoni. Ukitoroka mwajiri mbaya, karatasi inakuchoma. Kipande kilikuwa moja ya malalamiko makubwa ya Harry Thuku na wenzake mwaka 1921. Thuku alipokamatwa, watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi, na tarehe 16 Machi 1922 wakapigwa risasi, Muthoni Nyanjiru akiwa mbele ya wanawake.

Kwa nini nataja kipande kwenye stori ya kengele? Kwa sababu karatasi yenyewe haikupiga mtu. Shida ilikuwa ni nani anaisoma na anaisoma kwa nini. Rekodi ya kuingia na kutoka kwako ikiwa mkononi mwa mtu mwenye nguvu juu yako, huyo mtu haitaji kukushika. Anakungoja tu. Na msimamizi wa ploti hakumngoja Mama Shantel kwa bahati, alimngoja kwa rekodi yangu.

Sasa kuna mtu lazima mumjue. Marie Van Brittan Brown. Alikuwa nesi mweusi, akiishi Jamaica, mtaa wa Queens, New York, miaka ya 1960. Kazi yake ilikuwa ya saa za ajabu, na mume wake Albert, fundi wa vifaa vya umeme, naye hakuwa nyumbani kila wakati. Mtaa ulikuwa na uhalifu, na ukipigia polisi walichelewa kufika. Ukiwa mwanamke peke yako usiku na mtu anagonga, unafanya nini? Unafungua ujue ni nani? Hilo ndilo swali ambalo yeye na Albert walikaa nalo.

Tarehe 1 Agosti 1966 wakaomba hataza ya mfumo wao. Mlango ulikuwa na vitundu vinne vya kuchungulia, kimoja juu ya kingine, na kamera ilipanda na kushuka ili imwone mtu mrefu na mtu mfupi, hata mtoto. Picha ilitumwa kwa mawimbi ya redio mpaka kwenye skrini chumbani. Kulikuwa na maikrofoni ya kuongea na wa nje, kitufe cha kufungua mlango kutoka mbali, na kingine cha kuita msaada. Hataza yao, nambari 3,482,037, ilikubaliwa tarehe 2 Desemba 1969. Ukitazama kengele yoyote ya video leo, babu yake ni hiyo michoro. Au niseme nyanya yake.

Nilisoma hiyo stori mara tatu, kwa sababu inanifanya nisiweze kusema eti hizi kamera ni mbaya, zote zing'olewe. Hapana. Mwanzo wake ni mwanamke aliyekuwa anaogopa, na woga wake ulikuwa wa haki. Mtu akikuambia unaweka kengele kwa sababu unajifanya tajiri, mwambie kuhusu Marie. Lakini angalia pia alichojenga. Kamera yake iliangalia aliyekuja kwake. Picha ilitoka mlangoni ikafika chumbani, ikaishia hapo. Aliyeona ni yule aliyekuwa anagongewa. Kwa maneno mengine, ilikuwa ni hodi yenye macho.

Miaka karibu 50 baadaye, Jamie Siminoff wa California anatengeneza kitu kwenye gereji yake kwa sababu akiwa huko hasikii kengele ya mlango. Anakiita DoorBot. Mwaka 2013 anakipeleka kwenye kipindi cha Shark Tank, anatoka bila dili. Anabadilisha jina kuwa Ring, na mwaka 2018 Amazon inanunua kampuni. Kitu kilichoanza ili jamaa asikose mgeni kikauzwa kama silaha ya mtaa mzima dhidi ya uhalifu. Na picha sasa haziishii chumbani, zinakaa kwenye kompyuta za kampuni. Mwaka 2019 kampuni ilikiri kuwa na ushirikiano na idara zaidi ya 400 za polisi, ambazo ziliweza kuwaomba wenye kengele video kupitia programu ya majirani. Huo mlango wa maombi ulifungwa 2024 baada ya kelele nyingi. Mwaka 2023, tume ya biashara ya Marekani iliishtaki kampuni hiyo kwa kuwaachia wafanyakazi nafasi ya kuangalia video za siri za wateja, na malipo ya kumaliza kesi yakawa dola milioni 5.8.

Kwa hivyo vitu vitatu vilibadilika tangu Marie. Moja, kamera inarekodi hata asiyegonga. Mbili, rekodi inakaa. Tatu, rekodi inaweza kutembea, ikafika kwa mtu ambaye hakuwa mlangoni kabisa. Mimi nilifanya zote tatu bila kuwa kampuni ya mabilioni. Nilihitaji simu na ujinga tu.

Mahakama nazo zimeingia. Kuna mzee wa Ucheki ambaye familia yake ilikuwa ikisumbuliwa, madirisha yanavunjwa. Akaweka kamera chini ya paa. Ilionyesha mlango wake, njia ya umma, na mlango wa nyumba ya mkabala. Usiku mmoja wa Oktoba 2007 dirisha likavunjwa kwa manati, kamera ikawanasa washukiwa wawili. Ushindi, si ndio? Mmoja wa washukiwa akalalamika kwamba amerekodiwa kinyume cha sheria. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na Desemba 2014 ikasema kamera ya nyumbani ikianza kuangalia barabara ya watu wote, hiyo si shughuli ya nyumbani tu tena, lazima ufuate sheria ya data. Lakini pia ikasema kulinda mali na familia yako ni sababu inayoweza kuhesabiwa. Sio kwamba mzee hakuwa na haki, ni kwamba na wengine wako nayo.

Halafu Oxford, Uingereza, Oktoba 2021. Mwanaume aliweka kengele ya video na kamera kadhaa baada ya wezi kujaribu kuiba gari lake. Jirani yake, mwanamke, akaenda mahakamani. Hukumu ndiyo ilinifungua macho. Kuhusu picha za kengele, jaji hakuona shida kubwa, kwa sababu zilimnasa jirani kwa bahati tu akipita. Kilichomkasirisha ni sauti. Maikrofoni zilisikia mazungumzo mbali kabisa na mlango, na jaji akasema sauti inaweza kuumiza faragha hata kuliko picha. Na kulikuwa na kamera nyingine iliyoelekezwa eneo la jirani, hiyo nayo ikaangushwa. Soma hiyo vizuri ukiwa kwa ploti. Kengele yangu ilikuwa inarekodi sauti, na korido yetu inabeba sauti kama bomba. Nilirudi kusikiliza klipu za zamani. Nikamsikia Mama Shantel akiongea kwa simu, anaomba mtu mkopo. Nilizima haraka. Nilihisi aibu nikiwa peke yangu kwa keja.

Kenya je? Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na haki ya habari za familia yake na mambo yake ya kibinafsi kutofichuliwa bila sababu. Haisemi "kila mtu aliyelipa kodi kwa wakati." Mwaka 2019 tukapata Sheria ya Ulinzi wa Data, na ofisi ya Kamishna wa Data ikaanza kazi mwaka uliofuata. Mwaka 2023 ofisi hiyo iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha za wateja mtandaoni bila idhini, na shule moja 4,550,000 kwa picha za watoto. Kwa hivyo picha ya mtu si mchezo.

Najua kuna mwenye atakimbilia kuniambia sheria inawaachilia wanaotumia data kwa mambo ya kibinafsi au ya nyumbani. Kweli, kifungu cha 51. Lakini maneno yenyewe ni ya kibinafsi au ya nyumbani tu. Kuangalia nani ameiba meko yangu, sawa. Kumpa msimamizi ratiba ya familia ya jirani, hiyo ni ya nyumba gani? Na sheria hiyo ina kanuni ambayo hata bila mahakama ingeniokoa, kwamba data iliyochukuliwa kwa sababu moja isigeuzwe kutumika kwa sababu nyingine isiyoendana nayo. Nilinunua kamera ili mwizi asijue nyumba yangu iko tupu saa ngapi. Halafu nikamwambia mtu mwingine nyumba ya jirani iko tupu saa ngapi. Sijui kama kuna njia ya kulainisha hiyo sentensi. Nimejaribu.

Mnajua kile kinaniuma? Hakuna aliyenilazimisha. Msimamizi hakuwa na barua ya korti, hakuwa na polisi. Aliuliza kwa adabu na mimi nikataka kuonekana msaidizi. Ningeweza kusema tu, "Hiyo nimeweka ya mlango wangu." Maneno matano.

Hii ndio nilifanya baadaye. Kwanza nilishusha kamera na kuigeuza, sasa inaangalia mkeka wangu na nafasi ya mtu kusimama. Mle kwa mipangilio kuna sehemu ya kuziba eneo usilotaka lirekodiwe, nikaziba mlango wa Mama Shantel wote. Nikazima sauti, mtu akigonga nitamuuliza "Nani?" kama binadamu. Klipu zinajifuta baada ya siku tatu, kwa sababu nikiibiwa nitajua siku hiyo hiyo, sihitaji miezi mitatu ya maisha ya watu. Nikabandika karatasi chini yake: HII KAMERA INAREKODI MTU ALIYESIMAMA HAPA. Nikaenda mlango kwa mlango kwa orofa yetu nikawaonyesha majirani kwenye simu inachoona. Mzee wa nyumba ya mwisho alinishukuru, akasema kwa muda mrefu amekuwa akiinamisha kichwa akipita kwangu. Kumbe. Na video haitoki kwangu bila mwenye anaonekana kujua, isipokuwa iwe ni njia ya sheria kabisa.

Kwa Mama Shantel nilienda mara mbili. Mara ya kwanza niliomba msamaha, akasema "Sawa," akaendelea kuchambua mboga. Mara ya pili nilimpelekea simu aone mwenyewe mlango wake umezibwa kwa kamera, umekuwa kisanduku cheusi. Aliangalia kwa muda. Akauliza, "Na zile za zamani?" Nikafuta mbele yake, moja moja, zote. Zilichukua karibu nusu saa na hakuondoka mpaka ya mwisho.

Deni alilipa kidogo kidogo na mlango ukafunguliwa. Tunasalimiana. Lakini zamani Shantel alikuwa anakuja kwangu kuomba chumvi ama kuchaji simu. Siku hizi akiishiwa na chumvi anashuka mpaka orofa ya kwanza. Hiyo hakuna sehemu ya mipangilio inarudisha.

Kama uko na kengele ya video kwa keja, fanya kitu kimoja leo jioni. Fungua programu, angalia picha yake kama wewe ndio jirani wa mkabala. Halafu muite huyo jirani aangalie pia, na umuache aseme la kwanza. Ukimaliza, niandikie hapa chini aliona nini ambacho wewe hukuwa umeona.